Kumlinda mfanyakazi dhidi ya mashine kubwa: mwongozo kwa viwanda vya Tanga

Mkoa wa Tanga umeishi na mashine kubwa kwa zaidi ya karne moja. Mkonge ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 ulifuatwa na korona, yaani mitambo ya kuchakata majani ya mkonge, na katika mashamba ya Korogwe, Muheza na Pangani bado ziko mashine zenye umri mkubwa kuliko wanaoziendesha. Pembezoni mwa jiji, upande wa Pongwe na Maweni, kuna saruji pamoja na vinu, mikanda na matanuri yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya meneja, msimamizi wa zamu, fundi na mwakilishi wa usalama katika viwanda vya namna hiyo, na mifano yake mingi imetolewa kwenye korona kwa sababu huko ndiko mikono ya watu hukaribia zaidi vyuma vinavyozunguka.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya hatua yoyote. Majeraha mengi mabaya hutokea mashine inaposafishwa, inapozibuliwa, inapotiwa grisi au inapotengenezwa, na mara nyingi hutokea ikiwa imesimama kwa dakika chache tu. Anayelisha mashine hukaa mahali alipopangiwa, lakini anayeizibua huingia mahali ambapo aliyeiunda hakumtarajia mtu. Kiwanda kinachojali watu wake hupanga ulinzi kwa kumfikiria kwanza huyu anayezibua.

Hatua ya kwanza: tembea ukifuata mali

Kazi hii isianzie ofisini. Chukua daftari, mwite mfanyakazi mzoefu wa kila sehemu, kisha mfuate mali kuanzia inapoingia hadi inapotoka. Katika korona utaanza na mkanda au mnyororo unaopeleka majani, utafika kwenye roli zinazoyaponda, utapita kwenye magurudumu makubwa yenye visu butu yanayokwangua nyama ya jani huku maji yakimwagika, utatoka hadi kwenye nyaya za kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge, kisha utaingia kwenye mashine za kupiga brashi na kumalizia kwenye presi inayofunga marobota. Kila mahali simama na utazame vitu vinne: vyuma viwili vinavyokutana vikizunguka kuelekea ndani (roli kwa roli, mkanda kwa puli au mnyororo kwa giya); shafti inayozunguka peke yake; sehemu inayosogea kuelekea ukuta, nguzo au mashine nyingine; na sehemu inayokata, kupiga au kurusha.

Shafti laini hudharauliwa kuliko zote, kwa sababu haina meno wala visu. Hebu tupige hesabu. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 10 ina mzingo wa sentimita 31 hivi, na ikizunguka mara 300 kwa dakika inazunguka mara tano kwa sekunde. Kwa hiyo ncha ya kitambaa ikishikwa, mita moja na nusu ya kitambaa hicho itaviringwa kwa sekunde moja, na huo ndio urefu wa kanga nzima. Mkanda nao uhesabiwe hivyo hivyo. Mtu wa kawaida huchukua takriban robo sekunde tangu kushtuka hadi kuanza kuvuta mkono, na mkanda unaokwenda mita 2 kwa sekunde huwa umeshavuta nusu mita katika muda huo, yaani zaidi ya dhiraa. Msimamizi akisema kwamba vijana wake ni wepesi na watawahi kutoa mkono, afanyiwe hesabu hii mbele ya vijana wenyewe.

Katika matembezi haya swali lenye faida kubwa ni hili: ni wapi panapokwama mara kwa mara, na nani hupazibua? Majibu yatakupa ramani ya hatari ambayo hakuna mchoro wa mashine utakaoionyesha. Kwenye mkonge singa zilizoloa hujisokota kwenye shafti na kwenye ncha za roli, kwa hiyo wafanyakazi watakuelekeza huko huko. Kwenye saruji utaelekezwa chini ya mikanda ya mawe, penye puli ya mwisho, ambako mtu mwenye beleshi huinama kuzoa yaliyomwagika huku mkanda ukiendelea kwenda.

Hatua ya pili: weka kinga ambayo watu hawatakuwa na sababu ya kuiondoa

Kila sehemu uliyoiandika inahitaji kizuizi kinachomzuia mtu kufika, kwa sababu kibao cha onyo humwarifu tu. Kizuizi bora ni kile kilichofungwa kwa bolti na kuhitaji spana ili kifunguliwe. Kama ni wavu, ukubwa wa matundu yake uende pamoja na umbali wake kutoka kwenye hatari: viwango vya kimataifa vinataka wavu wenye matundu ya milimita 12 hadi 20 ukae angalau milimita 120 kutoka kwenye chuma kinachozunguka, kwa kuwa vidole hupenya, na matundu yakizidi milimita 40 hadi kufikia 120 mkono mzima hupita, hivyo umbali unaotakiwa ni milimita 850. Mafundi wengi huchomelea wavu wowote uliopo stoo mahali popote palipo na nafasi, na kinga ya namna hiyo humdanganya aliye mbele yake.

Ukiikuta kinga imeegemezwa ukutani, usianze kwa kumkaripia mtu. Uliza ilitolewa kwa ajili gani. Mara nyingi utajibiwa kwamba mahali pa kuingizia grisi pako nyuma yake, au kwamba mkanda hauwezi kukazwa bila kuiondoa, au kwamba singa hukwama hapo na kufungua bolti nane kwa kila mkwamo hakuwezekani. Haya yana tiba. Bomba jembamba linaweza kuitoa grisi nje ya wavu, bolti za kukazia mkanda zinaweza kurefushwa zitokeze nje, na penye mkwamo wa kila siku panaweza kuwekwa mlango wenye swichi inayokata umeme ukifunguliwa. Angalizo kuhusu mlango huo: gurudumu zito la korona huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatika, kwa hiyo swichi peke yake haitoshi, na panahitajika komeo lisilofunguka hadi mzunguko uishe kabisa.

Mashine ya kupiga brashi inadai uangalizi wa pekee, kwa kuwa mfanyakazi hushika fungu la singa kwa mikono yake na kuliingiza kwenye gurudumu linalozunguka. Mdomo wa kulishia uwe mwembamba na mrefu kiasi kwamba singa zifike kwenye gurudumu na vidole visifike. Sheria isiyo na msamaha hapa ni kwamba fungu hushikwa kwa kiganja na haliviringwi mkononi wala kwenye kiwiko, hata kama utelezi unasumbua, kwa maana singa ni imara kuliko mifupa ya mshikaji, na gurudumu likizinasa zitauvuta mkono pamoja nazo.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 119 wa mwaka 1963, unaohusu kinga za mashine, unasema kwamba mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake, wala asilazimishwe kufanya hivyo. Inafaa sentensi hiyo ibandikwe kwa Kiswahili kwenye mlango wa karakana, chini yake pakiwa na jina la cheo cha mtu atakayepokea taarifa ya mfanyakazi anayekataa.

Hatua ya tatu: dhibiti umeme unaokatika na kurudi

Umeme ukikatika katikati ya zamu kiwanda hunyamaza, na kwa kawaida mtu huona hiyo ni nafasi nzuri ya kutoa singa zilizojisokota au jiwe lililokwama. Kisha umeme unarudi, au jenereta ya akiba inawaka yenyewe, mkono ukiwa bado ndani. Kila mota ya mashine kubwa inapaswa kuwa na kontakta, yaani swichi ya sumaku, inayoachia umeme unapokatika na kubaki imeachia hadi mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Mashine za zamani zenye swichi ya kushusha na kupandisha hazina ulinzi huo, na nyingine ulikuwepo, lakini fundi aliuruka ili zisimsumbue.

Jaribio lake ni rahisi. Mashine ikiwa tupu na watu wote wakiwa mbali, iwashe, kata umeme kwenye swichi kuu ya jengo, subiri mzunguko uishe, kisha rudisha umeme. Ikianza kuzunguka yenyewe, isitumike tena mpaka fundi umeme aitengeneze. Fanya hivyo kwa kila mashine, mojamoja, na urudie kila baada ya matengenezo ya umeme.

Vitufe vyekundu vya dharura viwe mahali ambapo mtu aliyenaswa anaweza kuvifikia kwa mkono uliobaki huru. Kwenye mkanda mrefu kitufe kimoja mwanzoni hakimsaidii aliye katikati, hivyo panahitajika kamba ya dharura inayofuata urefu wote wa njia ya watu, ambayo ikivutwa popote mkanda husimama. Mkanda ambao mwendeshaji wake haoni mwisho wake uwe na king'ora kinacholia kwa sekunde kadhaa kabla haujaanza kwenda. Ieleweke hata hivyo kwamba kitufe cha dharura husimamisha tu. Hakimpi mtu ruhusa ya kuingiza mkono, kwa sababu mwenzake anaweza kukizungusha na kuwasha.

Hatua ya nne: kufuli moja, mtu mmoja, ufunguo mmoja

Hii ndiyo hatua inayookoa watu wengi kuliko nyingine zote, na gharama yake si kubwa. Kila fundi, msafishaji na mzibuaji apewe kufuli lake lenye jina lake na ufunguo mmoja tu, nao usiwe na nakala ofisini. Kazi yoyote inayomtaka mtu apitishe sehemu ya mwili wake ndani ya kinga hufuata utaratibu ufuatao bila kurukwa.

Kwanza wanaoendesha mashine waarifiwe kwa mdomo, kila mmoja, kwamba mashine inazimwa na kwa nini. Mashine isimamishwe kwa njia yake ya kawaida, kisha umeme ukatwe kwenye swichi ya mashine hiyo hiyo, mahali ambapo umeme wa vyanzo vyote hupita kabla ya kuifikia, ili hata wa jenereta usiweze kuifikia. Kila atakayeingia aweke kufuli lake mwenyewe kwenye swichi hiyo. Wakiwa watano ziwekwe kufuli tano kwenye bamba lenye matundu mengi, na mashine haitawaka hadi wa tano atoe lake. Msimamizi asimfungie mtu kwa niaba yake, hata kwa nia njema.

Baada ya kufunga, toa nguvu iliyobaki ndani, na hapa ndipo hata mafundi hodari huteleza. Hewa ya kompresa iachiwe. Mafuta ya haidroliki ya presi yashushwe shinikizo, na kichwa cha presi kiegemezwe kwenye nguzo ya chuma, kwa sababu uzito wake unatosha kumponda mtu bila umeme wowote. Springi zilegezwe. Mkanda unaopanda ukiwa na mzigo wa mawe unaweza kurudi nyuma wenyewe, kwa hiyo ushushwe mzigo au uzuiwe kwa breki na mnyororo. Kinu cha kusagia saruji, ambacho ndani yake mna tani nyingi za mipira ya chuma, kinaweza kusimama mipira ikiwa imelalia upande mmoja, na breki ikilegezwa kinajizungusha kutafuta utulivu. Tanuri la saruji lina jambo lake: klinka, yaani madonge yanayosagwa kuwa saruji, huiva kwenye nyuzi 1,450 za Selsiasi hivi, na tanuri likisimama likiwa na moto huo chuma chake hupinda, ndiyo maana hupewa mota ndogo au injini ya dizeli ya kulizungusha polepole. Aliyefunga mota kubwa na kuisahau ile ndogo bado hajafunga chochote.

Kisha jaribu. Bonyeza kitufe cha kuwashia mbele ya wote watakaoingia, hakikisha hakuna kinachosogea, na urudishe swichi kwenye hali ya kuzima. Fundi umeme apime kwa kipimo chake kwamba umeme kweli haupo, kwa sababu swichi huweza kuandikwa jina la mashine nyingine, hasa katika kiwanda kilichopanuliwa mara kadhaa na mafundi tofauti.

Kazi ikiisha, zana zihesabiwe, kinga zirudishwe, watu wahesabiwe kwa majina, ndipo kila mmoja atoe kufuli lake. Zamu ikibadilika kabla kazi haijaisha, anayeingia huweka kufuli lake kabla anayetoka hajatoa lake, ili mashine isibaki wazi hata dakika moja. Aliyekwenda nyumbani akasahau kufuli atafutwe kwa simu. Likilazimu kukatwa, likatwe na mkuu wa zamu mwenyewe baada ya kuthibitisha kwamba mwenye kufuli hayumo kiwandani, na ajulishwe kabla hajarudi kazini.

Pingamizi litakuja, nalo ni muda. Korona inaweza kukwama mara nyingi kwa siku, na wafanyakazi wanaolipwa kwa kipande watasema kwamba kila kufuli linawakata malipo. Wana haki ya kusema hivyo. Uongozi unaolipa kwa kiasi cha mali na kukata muda wa kuzibua unawalipa watu ili waingize mikono kwenye mashine inayozunguka, hata kama kibao ukutani kinakataza. Muda wa kuzibua ulipwe. Vilevile swichi ya kufungia iwe hatua chache kutoka panapokwama, kwa kuwa swichi iliyo jengo la pili haitafuatwa mara kumi kwa siku. Na sababu ya mkwamo ishughulikiwe: majani yakilishwa kwa mpangilio, visu vikiwa katika nafasi sahihi na maji yakitosha, mikwamo hupungua na mikono huingia ndani mara chache zaidi.

Hatua ya tano: mavazi

Oveloli ibane mwilini, mikono yake ifungwe kwa vifungo. Pwani yetu wanawake wengi kazini hujifunga ushungi au mtandio, na hakuna sababu ya kumlazimisha mtu achague kati ya stara na usalama: kiwanda kitoe kofia ya kitambaa inayobana na kufunika kichwa na shingo bila ncha zinazoning'inia. Kanga ya kiunoni, shali, kanzu ya Ijumaa, mkufu, pete na kamba ya kitambulisho shingoni viachwe kwenye kabati lenye kufuli. Glovu hulinda dhidi ya utomvu wa mkonge, ambao huwasha ngozi sana, lakini karibu na roli au shafti inayozunguka glovu pana huwa kishikio cha mashine. Zivuliwe hapo, au zitumike zile nyembamba zinazobana na kuchanika upesi. Viatu viwe na soli isiyoteleza, na sakafu ya korona, inayojaa maji na makapi, isafishwe kila wakati, kwa sababu anayeteleza hujishika kwenye kilicho karibu.

Hatua ya sita: watu wapya, watu waliochoka

Kibarua aliyeingia asubuhi hii hajui mashine ipi huwaka bila onyo. Asipelekwe kwenye mashine kabla hajaonyeshwa kwa vitendo, kwa Kiswahili, mahali pa kusimama, kitufe cha dharura na sehemu asizoruhusiwa kugusa, na kabla hajarudia mwenyewe maelezo hayo mbele ya msimamizi. Mashine zenye maandishi ya Kichina au Kijerumani zibandikwe maandishi ya Kiswahili kwenye kila kitufe. Kijana asiyefikisha miaka 18 asikaribie mashine hizi kabisa.

Joto la Tanga na zamu ndefu hupunguza umakini, na katika mwezi wa Ramadhani wafunga saumu wengi hufika alasiri wakiwa na kiu na usingizi wa daku. Kazi za kuzibua, kusafisha na kutengeneza zipangwe asubuhi, na mapumziko yasogezwe. Mabadiliko hayo ni madogo, na kiwanda kinachoyafanya huonyesha kwamba kinawajua watu wake.

Hatua ya saba: mtu akinaswa

Simamisha mashine kwa kitufe cha dharura, kata umeme na ufunge kwa kufuli. Usiirudishe mashine nyuma kabla fundi anayeijua hajaangalia, kwa sababu roli nyingine zikirudi nyuma huumiza upya. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Ikishindikana, funga mkono au mguu juu ya jeraha kwa kitambaa kipana kilichokazwa, na uandike saa uliyofunga. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye shashi safi iliyoloweshwa kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu, kisigusane na barafu moja kwa moja. Kwenda hospitali, iwe Bombo au nyingine iliyo karibu, kutumike gari ambalo dereva wake anajulikana tangu mwanzo wa zamu, kwa kuwa kutafuta funguo za gari wakati damu inatoka ni kumpotezea mtu uhai.

Eneo la ajali liachwe lilivyo, lipigwe picha, na taarifa ipelekwe OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwajiri atoe pia taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango ya mfuko huo hulipwa na mwajiri na haikatwi kwenye mshahara, na aliyeumia, awe kibarua au wa kudumu, aelezwe haki yake akiwa bado hospitali, mbele ya ndugu zake. Waliokuwepo waulizwe mmoja mmoja kilichotokea, na swali la kwanza liwe kwa nini mkono ulihitajika kuingia pale. Mashine isiwashwe tena mpaka jibu la swali hilo lipatikane na sehemu hiyo irekebishwe, na fundi, msimamizi wa zamu na mwakilishi wa wafanyakazi watie saini zao kwenye daftari la mashine hiyo.